Sura ya Tisa: Ukimya Kwanza, Upuuzi Baadaye

Kwa mujibu wa mashine, asubuhi ile bwawa lilikuwa na kina cha mita elfu saba mia tatu na kumi na mbili. Kama mashine ingeaminiwa, samaki wa chini kabisa wangehitaji kufunga mizigo na kuaga ndugu kabla ya kuanza safari ya kuja juu kuona jua.

Inspekta Mchwa aliitazama namba hiyo kwenye skrini kwa adabu ambayo mtu humpa mlevi anayehutubia msibani. Jina la Mchwa alipewa na wenzake wa kituoni. Mwanamke huyu alikuwa akiingia kwenye karatasi kimyakimya na kutokea upande wa pili, na nyuma yake hakuna uongo uliobaki umesimama.

"Imekuwa hivi tangu lini?" aliuliza.

"Tangu Jumamosi," alijibu Meneja wa bwawa, mtu mrefu mwenye tai fupi. "Tangu yule Fundi wako aichezee."

"Si Fundi wangu. Ni Fundi wako. Mimi nimemfungia tu."

Koplo, askari mnene aliyebakiza miezi mitano kustaafu, alikohoa kuficha kicheko. Meneja hakucheka. Aliangalia saa yake, kisha akaangalia dirishani, ambako mvua ilikuwa inanyesha kwa siku ya nne mfululizo, nyembamba, ya kijivu, isiyo na haraka, kama kwamba ina mkataba.

Shauri lenyewe lilielezeka kwa maneno machache. Jumamosi alasiri maji yalipanda ghafla na kumchukua Babu Lango, mlinzi mzee aliyekuwa akisafisha nondo za kuchuja takataka chini ya lango. Kule juu mtoni kuna kituo kidogo kisicho na mtu, chenye kifaa kinachopima maji. Kila nusu saa kifaa hicho hupiga simu chumba cha udhibiti kwa laini ya kidijitali na kusoma namba zake. Maji yakipanda haraka, king'ora hulia na mwendeshaji humwambia Babu Lango atoke. Jumamosi king'ora hakikulia. Mipangilio ya simu ya kituo ilikuwa imevurugwa, na mashine ilionyesha kwamba mtu wa mwisho kuigusa alitumia neno la siri la Fundi wa mitambo. Haikuonyesha saa. Ilionyesha jina tu.

Kwa jina hilo Fundi alikamatwa Jumapili saa mbili asubuhi, akiwa bado na mswaki mdomoni. Leo, Jumatatu, saa tisa alasiri, faili lake lingepelekwa kwa mwendesha mashtaka: kusababisha kifo kwa uzembe. Miaka saba, kama hakimu ameamka vizuri.

Sasa ilikuwa saa tatu asubuhi.

"Naomba karatasi za printa," alisema Mchwa. "Za kuanzia Ijumaa."

Mwendeshaji aliyekuwa kwenye zamu aliinuka upesi kuzileta. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, msafi, mwenye kalamu tatu mfukoni. Pale kazini kila mtu alimwita Shemeji, hata Meneja, hata mpishi wa kantini, kwa kuwa Fundi alikuwa amemuoa dada yake na ndiye aliyemtafutia kazi. Mwenzake wa zamu alikuwa likizo, kwa hiyo wiki nzima Shemeji alikaa kiti kile peke yake kuanzia alfajiri hadi jioni.

"Pole kwa yaliyompata mume wa dada yako," Mchwa alimwambia.

"Tumeshapoa, Inspekta. Kila mtu hukosea." Akaongeza kwa sauti ya chini, "Ila yeye hujidai hakosei kamwe."

Mchwa alitandaza karatasi mezani, akavuta kiti, akaanza kutafuna. Ijumaa yote namba zilikuwa za kawaida: mita tano na nusu, mita tano na nusu. Jumamosi asubuhi vivyo hivyo, isipokuwa mara mbili simu ilikatika katikati na kurudi. Baada ya saa nane mchana, hakuna kitu. Mistari mitupu, nusu saa baada ya nusu saa, hadi jioni, hadi usiku, hadi Jumapili asubuhi.

Kisha, Jumapili saa nne na nusu, namba zilirudi. Mita mia tisa. Mita mbili. Mita elfu nne. Mita hasi kumi na moja, yaani bwawa lilikuwa limegeuka mlima.

Mchwa aliweka kidole kimoja kwenye mistari mitupu na kingine kwenye namba za kichaa. "Meneja, hii ni mashine moja?"

"Moja."

"Jumamosi ilikuwa bubu. Jumapili ikawa mwendawazimu. Mimi si daktari, lakini hayo ni magonjwa mawili."

"Mitambo ikiharibika inaharibika," alisema Meneja kwa ukali. "Faili linaondoka saa tisa. Bodi inasubiri. Sioni faida ya kutafuta..."

"Naona huoni."

Kuanzia hapo Mchwa alimweka Meneja kwenye orodha yake, na akamweka juu kabisa. Ni Meneja aliyewaonyesha polisi jina la Fundi kwenye mashine. Ni Meneja aliyepiga simu mara tatu kuuliza faili limefikia wapi. Na, kama Mchwa alivyoona kwa macho yake, neno la siri la Fundi lilikuwa limeandikwa kwenye kipande cha karatasi na kubandikwa pembeni ya skrini, ili lisipotee. Siri ya namna hiyo angeweza kuitumia hata mfagiaji.

"Koplo, washa gari," alisema. "Twende tukamuulize anayesikia kila kitu."

* * *

Kituo cha simu kilikuwa jumba lisilo na madirisha, na ndani yake mitambo ilivuma kama mtu anayesali huku amefunga mdomo. Aliyekisimamia alikuwa mama wa makamo aliyevaa sweta mbili, kwani mitambo hupenda baridi. Mafundi walimwita Bibi Waya.

"Karibu mwanangu. Usiguse chochote. Koplo, wewe hata usiegemee."

"Mama, nieleze kama unamweleza mjinga," alisema Mchwa.

"Koplo nimemweleza mara nyingi." Bibi Waya alichukua karatasi, akachora mstari. "Laini ya zamani ilibeba sauti tu. Hii ya kidijitali hubeba sauti na data kwa namba moja. Kwa hiyo simu, kabla haijaita, hutanguliza salamu. Husema, mimi ni sauti. Au husema, mimi ni data, na mwendo wangu ni huu. Ikisema ni data, mashine hupokea. Ikisema ni sauti, simu ya mezani hulia. Salamu hiyo huchaguliwa kwenye mipangilio ya anayepiga, nayo huweza kubadilishwa kutoka mbali kwa simu fupi. Ukichagua salamu isiyofaa, mtaunganishwa vizuri kabisa na hamtaelewana."

"Na ninyi mnaandika salamu hizo?"

"Za kila simu. Mwanadamu anaweza kusahau alichosema, mimi sisahau alivyobisha hodi."

Orodha ilitoka kwenye printa yake taratibu. Mchwa aliisoma amesimama.

Tangu miezi minane iliyopita, kituo cha mtoni kilikuwa kikipiga kama data, mwendo wa biti, yaani chembe za data, elfu hamsini na sita kwa sekunde. Jumamosi, saa nane na dakika tano mchana, chumba cha udhibiti kilipiga simu fupi kwenda kituoni. Kuanzia saa nane na nusu, kituo kikaanza kupiga kama sauti. Jumapili, saa nne na dakika ishirini asubuhi, chumba cha udhibiti kilipiga tena simu fupi. Kuanzia hapo, kituo kikapiga kama data, mwendo wa elfu sitini na nne.

"Saa nne na dakika ishirini, Jumapili," alisema Koplo polepole. "Afande, wakati huo Fundi alikuwa selo. Mimi mwenyewe nilimpa chai."

"Ulimpa nusu chai. Nyingine uliinywa."

"Nilikuwa naijaribu."

Mchwa alikwisha kumvisha Meneja pingu kichwani mwake, na zilikuwa zinamkaa vizuri, lakini sasa alilazimika kuzifungua. Jumapili saa nne na dakika ishirini Meneja alikuwa amesimama kwenye tope chini ya lango, akimshikia mwavuli yeye, Mchwa, wakati mwili wa Babu Lango unavutwa kutoka kwenye nondo. Alikumbuka simu ya langoni, ile nyekundu ya ukutani, mkono wa simu hiyo ukining'inia kwenye waya na kuzunguka.

"Mama," alisema, "niangalizie simu ya langoni. Jumamosi, baada ya saa nane."

Bibi Waya aliandika, akangoja, akasoma. Kisha akavua miwani.

"Ilipiga chumba cha udhibiti. Mara kumi na moja. Ya kwanza saa tisa na dakika kumi. Ya mwisho saa tisa na dakika hamsini na mbili." Aliipitisha kalamu kwenye orodha. "Zote zimekuta simu inatumika."

"Inatumika na nani?"

"Na hakuna mtu, mwanangu. Mkono wa simu ya mezani uliinuliwa saa tisa na dakika tatu, ukawekwa pembeni. Ulirudishwa saa kumi na moja."

Mchwa na Koplo walizijua kanuni za bwawa. Zilikuwa zimebandikwa ukutani pale langoni kwa herufi kubwa, zikiwa na saini ya Meneja. Mlinzi haachi nondo mpaka chumba cha udhibiti kimruhusu. Babu Lango alikuwa akipiga simu kuomba ruhusa ya kuokoa roho yake, na aliiomba mara kumi na moja.

* * *

Saa sita na nusu. Fundi aliketi sakafuni mwa selo, magoti yamekunjwa, mikono ya mtu aliyezoea kushika kitu ikiwa haina cha kushika.

"Simu ya kituo cha mtoni," alisema Mchwa. "Mwendo gani?"

"Hamsini na sita."

"Kitabu cha kumbukumbu kule chumba cha udhibiti kinasema sitini na nne."

"Kitabu kinasema anachotaka Meneja." Fundi alitabasamu kwa uchovu. "Mtengenezaji wa mashine kaandika sitini na nne. Lakini simu yetu inapita kituo cha kati cha zamani, na hicho kinachukua biti moja katika kila nane kwa mazungumzo yake. Ni kama kumtuma mtoto sukari, lazima alambe njiani. Ukituma sitini na nne, inafika imelambwa na namba zinakuwa za ajabu. Ukituma hamsini na sita, nafasi ya kulamba umeshaiacha wazi. Nilimpelekea Meneja badiliko asaini. Akasema hasaini kitu kinachopingana na kitabu cha kiwanda. Basi kitabu nikakiacha kinavyopenda, mashine nikaiweka inavyofanya kazi."

"Nani mwingine alijua?"

"Hakuna. Namba ilikaa hapa." Aligusa paji la uso.

"Kwa hiyo mtu akitaka kuirudisha mashine ilivyokuwa, ataangalia kitabu."

"Ndiyo. Ataweka sitini na..." Fundi alisita. Mchwa aliona jambo likiingia machoni mwake na kukaa. "Sasa hivi iko ngapi?"

"Sitini na nne. Tangu jana saa nne asubuhi."

Mvua iligonga bati. Fundi aliinamisha kichwa, akakaa hivyo kwa muda ambao Koplo, mlangoni, alihesabu kuwa wa kutosha kumaliza chapati.

"Jana asubuhi nani alikuwa zamu?" aliuliza Mchwa.

"Inspekta, andika ni mimi."

"Ulikuwa umefungwa humu."

"Andika hivyohivyo. Nilifanya kwa uzembe. Nitasaini."

"Una watoto watatu."

"Na mama yao ana mdogo wake mmoja tu, alimlea kwa mkono wake tangu wao wawili walipofiwa na mama." Aliinua macho. "Nikitaja jina hilo, nikitoka hapa nitarudi nyumba gani?"

Mchwa alifunga daftari. Hakuwa ameandika kitu, wala hakukuwa na haja ya kuandika.

* * *

Saa nane kasoro robo walirudi chumba cha udhibiti. Kina cha bwawa kilikuwa kimeshuka hadi mita tatu na kupanda hadi mita elfu mbili, bila tope wala wimbi. Mchwa alimwomba Meneja atoke kidogo. Meneja alisema chumba ni chake. Koplo alimsindikiza nje kwa tumbo.

"Shemeji," alisema Mchwa, akiketi karibu naye, "hebu nirekebishie hii mashine. Bwawa la mita elfu mbili linanitia kizunguzungu."

"Kazi ya Fundi hiyo."

"Fundi hayupo. Na wewe si mgeni."

Shemeji alisita, kisha fahari ikamshinda. Alifungua ukurasa wa mipangilio, na orodha ikashuka: *otomatiki; data, elfu 64; data, elfu 56; sauti.* Alama ilikuwa kwenye elfu sitini na nne.

"Iko sahihi," alisema. "Kama kitabu kinavyosema. Laini ndiyo mbovu."

"Nani aliiweka hapo?"

"Fundi. Jumamosi."

"Jumamosi ilikuwa kwenye sauti."

Kidole cha Shemeji kilibaki hewani juu ya kibonye.

"Kituo cha simu kinaandika kila hodi," alisema Mchwa bila kupandisha sauti. "Jumamosi saa nane na dakika tano ulikuwa na nani humu?"

"Peke yangu."

"Jana saa nne na dakika ishirini?"

Shemeji alishusha mkono, akaanza kupanga kalamu zake mfukoni.

"Kwenye maelezo yako umesema simu ya mezani haikulia hata mara moja tangu mchana. Ililia saa nane na nusu, ukapokea kwa sekunde nne. Ililia saa tisa kamili, ukapokea kwa sekunde mbili. Ulisikia nini?"

"Mluzi," alisema Shemeji. "Mluzi na mikwaruzo. Kama mtu anakuzomea sikioni."

"Yalikuwa maji yanapanda. Kifaa kilikuwa kinakusomea namba."

"Sikujua!" Aligeuka, kalamu zake tatu zikaanguka. "Simu zilikuwa zinakatika tangu asubuhi. Kila kitu humu ni kumwita yeye. Taa ikizima, mwiteni Fundi. Karatasi ikikwama, mwiteni Fundi. Nyumbani watoto wananicheka, wanasema mjomba hata pasi anawashiwa na baba. Nikasema leo naimaliza mwenyewe. Nikajaribu otomatiki, ikakataa. Nikachagua sauti, nimesoma mahali kwamba data inaweza kupita ndani ya sauti."

"Inaweza, kama pande zote mbili zimekubaliana. Wewe ulibadilisha upande mmoja."

"Nilitaka kuuliza. Ningemuuliza nani? Yeye?"

"Mkono wa simu uliuweka wapi, saa tisa na dakika tatu?"

Shemeji aliitazama meza, mahali fulani kando ya daftari, kana kwamba mkono wa simu bado uko pale.

"Nilijua itanizomea tena," alisema.

Mchwa alitoa orodha ya Bibi Waya, akaiweka mbele yake, akaacha asome mwenyewe mistari kumi na mmoja. Alisoma yote. Alipofika mwisho alirudi mwanzo, akaanza tena, midomo ikihesabu saa.

"Babu Lango alikuwa ananiletea maembe," alisema hatimaye.

"Na jana ukairudisha kwenye kitabu, ukaacha jina la mume wa dada yako lifanye kazi iliyobaki."

"Nilidhani nimeirudisha ilivyokuwa. Nilidhani wakiikagua wataikuta sawa, watasema ni bahati mbaya, watamwachia." Alijipangusa uso kwa kiganja. "Kumbe hata hilo sikuliweza."

Mchwa alinyoosha kidole kwenye skrini. "Elfu hamsini na sita."

Shemeji alichagua, akathibitisha. Wakangoja. Saa nane kamili mashine ilipokea simu, na printa ikakwaruza mstari mmoja: mita sita nukta moja. Nje, lango lilisimama ndani ya maji ya mita sita nukta moja, kahawia, mazito, yakipita bila kumtazama mtu. Shemeji aliangalia namba hiyo kwa muda mrefu kuliko alivyoiangalia orodha.

"Faili linaondoka saa tisa," alisema Mchwa. "Itabidi niandike jingine. Una haki ya kumpigia mtu mmoja."

Shemeji aliinua mkono wa simu kwa vidole viwili, akabonyeza namba bila kuangalia. Ililia mara moja tu. Aliyekuwa upande wa pili alikuwa ameketi kando ya simu tangu jana.

"Mdogo wangu?" Sauti ya mwanamke ilisikika hadi mlangoni aliposimama Koplo. "Wamesemaje? Wamesemaje kuhusu Baba Watoto?"

"Anatoka leo, dada."

Kilichofuata hakikuwa maneno. Kilikuwa kilio na kicheko pamoja, na watoto nyuma wakiuliza nini, nini, na sufuria ikianguka. Shemeji aliusogeza mkono wa simu mbali kidogo na sikio, kisha akaurudisha, akaubana kwa nguvu.

"Nilijua utafanya kitu," dada yake alikuwa anasema. "Niliwaambia watoto, mjomba wenu yuko hukohuko, hatamwacha. Utakuja naye? Ngoja nipike. Mje pamoja."

Koplo alitazama dari. Mchwa alishika pingu chini ya meza, akaziba mnyororo kwa kiganja ili zisilie.

"Atakuja peke yake," alisema Shemeji.

"Kwa nini? Una zamu?"

"Dada." Alivuta pumzi. "Akifika, usimuulize kitu mpaka ale. Ashibe kwanza. Halafu umuulize mimi niko wapi."

Upande wa pili watoto walikuwa bado wanashangilia. Dada yake peke yake alikuwa amenyamaza.